Ningu Atafute Wakili Mwingine

Benchi letu la Kondele liko mbele ya duka la Mbugua la spea za pikipiki, na kahawa anamimina Wakoli. Jana Odongo, mvuvi wa Asembo Bay, alitujia na fomu. Kuna shirika la ng'ambo linalofadhili wanaookoa wanyama wanaokaribia kuisha duniani. Odongo anataka kumwokoa ningu, samaki aliyemlipia karo utotoni, ambaye siku hizi hapatikani hata wa dawa. Fomu ilitakiwa kutumwa kabla ya saa kumi na moja. Kosa lake ni kuileta kwetu.

Odongo: Mimi nataka kitu kidogo tu. Mvua ikianza, ningu inapanda mto na mayai. Watu wanaingoja hapo mdomoni na neti ya mbu, wanamaliza mama na watoto. Tupate watu wawili wa kulinda hapo wiki mbili.

Nicodemus, tunayemwita Profesa kwa sababu anauza vitabu vya mitumba, akavaa miwani.

Profesa: Omera, hiyo ni ndogo sana. Huko New Zealand kuna ndege haiwezi kuruka, na imepewa walinzi.

Mbugua: Haiwezi kuruka na iko na walinzi? Mimi natembea vizuri na sina hata mbwa!

Profesa: Shida ya ningu ni sura. Panda, ile dubu nyeusi na nyeupe, iko na uso ya kuhurumiwa. Ningu inakaa kama karani amenyimwa likizo.

Mbugua: Basi tuseme zimebaki mbili.

Profesa: Moja. Na ni mjane.

Mbugua: Tuipatie jina. Perpetua. Nani atanyima mjane anaitwa Perpetua?

Odongo: Lakini ziko nyingi kidogo, jameni. Nimeziona mwaka jana.

Profesa: Mzee, wacha wataalamu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana tunahitaji gari ya juu.

Mbugua: Na dereva. Mimi ni mkuu wa usafiri.

Profesa: Mimi mkurugenzi. Odongo awe mshauri wa mila.

Mimi nikajipa ukatibu, na sikuona haya. Tulikuwa tumefika kwenye rangi ya fulana za mradi, na Mbugua anataka Perpetua achorwe akilia, wakati Jacinta wa saiba, duka la kompyuta la jirani, alipotoka kuja kuichukua fomu akaichape. Hajawahi kukaa nasi. Akaisoma amesimama.

Jacinta: Mmeacha nafasi mbili wazi. Wanataka majina ya wale watakaa kwa mto mvua ikianza. Niandike nani?

Profesa akapangusa miwani iliyokuwa safi. Mbugua akaona mteja dukani, mteja ambaye sisi wengine hatukumwona. Mimi niliinama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndara. Kwa kweli niliona aibu, lakini sikuinuka.

Jacinta: Wakubwa, saa kumi na nusu hii.

Odongo: Andika Odongo.

Jacinta: Na wa pili?

Wakoli alitikisa birika, likalia tupu. Upande wa Nandi wingu lilikuwa limeshaiva. Odongo alitutazama mmoja mmoja, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Odongo: Mama, andika Odongo tena.