Jiwe la Kusagia Lapanda Gari la Moshi

Zama za Mdachi gari la moshi lilikuwa jipya bado, na watu walipanda na kila kitu. Lakini Lydia, aliyetoka Dodoma kwa mumewe akielekea Kikombo kwa mama yake, alipakata jiwe la kusagia kama anayepakata kichanga.

"Shikamoo, Bi," alimwamkia Bi Sikuzani, muuza samli wa Kondoa aliyeketi ubavuni pake.

"Marahaba, binti yangu. Huko kwenu mawe yamekwisha?"

"Yapo. Nimechoka tu."

"Mchoka hulala, habebi mawe!"

Lydia akacheka kidogo. Mumewe alikuwa jumbe, na kila askari aliyepita alikaribishwa ugali. "Sifa zake, mikono yangu. Nasaga toka jogoo la kwanza. Ningeliacha jiwe hili, angesema nimekwenda kutembea, nitarudi kesho."

"Ataazima kwa jirani."

"Akaazime! Ataulizwa mkewe yuko wapi."

Abiria wa karibu wakazidi kusinzia, masikio wazi, wasikose neno.

"Mwanangu," Bi Sikuzani akashusha sauti, "mke akiondoka na jiwe, watu husema amehama. Utavunja nyumba yako kwa ajili ya usingizi?"

"Thamani ya usingizi huijui, Bi. Mimi nimeusahau."

Gari likapunguza mwendo, likasimama Kikombo. Lydia akajitwika jiwe lake.

"Na akikufuata?" Bi Sikuzani akamwitia dirishani.

"Aje na mtama. Jiwe atalikuta, mimi nitakuwa nimelala."