Vitabu vya Walioshindwa

Basi la kwenda Whitehall lilikuwa halijatoka katikati ya jiji la Columbus, Marekani, na mzee Cubaka, Mkongomani mwenye mfuko wa vitabu chakavu magotini, alikuwa ameshamfungulia jirani yake kitabu cha tatu. Eliakunda, mwanafunzi aliyeketi nyuma yao, alijifanya anasoma simu. Haya yake haikuwahi kumzuia kusikiliza.

“Ona, mama, saini ya mwandishi mwenyewe. Aligombea ugavana, akashindwa,” alisema Cubaka.

“Na huyu?” aliuliza Albina, mama wa Kitanzania aliyetoka kazini na sare yake ya uuguzi.

“Seneti. Naye alishindwa.”

“Baba, unakusanya walioshindwa tu? Washindi wamekukosea nini?”

“Bon, mama, kwetu mwenye kushindwa anakimbia na watoto mgongoni. Huyu alishindwa, akarudi kwake, akalala, akaandika kitabu, akakisaini akicheka. Napenda watu kama hao.” Akashusha sauti, ingawa basi zima lilimsikia. “Jumapili nami nagombea uenyekiti wa jumuiya yetu. Donc, najifunza mapema.”

“Utashinda!”

“Nitashindwa. Mwenzangu iko na mashemeji wengi sana.”

“Utashinda, nakwambia!”

Walibishana hivyo njia nzima, wakicheka, na Eliakunda akajikuta amempigia mzee kura kimoyomoyo. Kituo kilipofika, Cubaka akabeba mfuko wake. Albina akamnyooshea kalamu na gazeti lake.

“Basi nisainie hapa, Mwenyekiti.”

“Ngoja Jumapili ipite,” alisema mzee, akishuka. “Bado sijashindwa.”