Mama Upepo na Mvumo wa Darini

Ijumaa tarehe 30 Juni, Mama Upepo, msimamizi wetu wa huduma kwa wanachama, atarudisha funguo za droo na kwenda zake, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi hii ya bima ya afya. Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na msomi. Wasomi wote wakasema wana kikao. Ukaniangukia mimi, dereva wa mkataba, niliyemaliza shule kabla shule haijanimaliza.

Alianza kama karani wa mapokezi, mwembamba kama kalamu aliyoishika. (Ya wembamba tuyaache, tusiharibu sherehe.) Alipopanda cheo, alipata na jicho la kukutazama mpaka ukakumbuka hata makosa ambayo hujayafanya. Lakini mwanachama akifika na mgonjwa mgongoni, jicho hilohilo lilikuwa la kwanza kulengwalengwa na machozi.

Jina la Mama Upepo hakuzaliwa nalo. Wakubwa walivunja kuta zetu wakisema ofisi ya kisasa ni ukumbi mmoja, watu waonane. Tukaonana kweli. Shida ni kwamba tulisikiana pia. Karani akimuuliza mtu habari za tumbo lake, benchi zima lilimgeukia kumpa pole.

Ndipo akaja mama mmoja fundi cherehani, jirani wa mtaa wa nyuma. Karani wetu, kwa nia njema na sauti ya mnadani, akamsomea jina la ugonjwa wake ili alihakikishe. Kwenye benchi walikuwepo wateja wake wawili wa ushonaji. Mama wa watu akakunja karatasi zake, akatoka, asirudi tena. Na asiporudi hapati kibali, na bila kibali hapati dawa.

Mama Upepo hakuitisha mkutano. Alibeba begi, akaingia kwenye gari langu, tukampelekea kibali nyumbani. Tukawa tunakwenda kila mwezi. Na kila tukitoka pale alisema, "Mzee, hapa tunaficha aibu yetu tu. Siku atakapokaa mwenyewe kwenye kiti mbele yangu, hapo nitastaafu kwa roho safi."

Jaribio lake la kwanza lilikuwa muziki, ufunike mazungumzo. Lo! Ukumbi mzima ukaimba, mhasibu akashika sauti ya pili, na makarani wakapaza sauti kuushinda muziki. Siri za watu nikazipata nikiwa kwenye maegesho, ndani ya gari, vioo nimefunga.

Akatafuta fundi wa spika. Huyo akaeleza kwamba kinachotakiwa ni mvumo: sauti laini isiyo na wimbo wala neno, kama upepo majanini, itoke darini na kuenea sawasawa kote. Aliye mbele yako anakusikia vizuri, ila ukifika kwenye benchi, maneno yameshayeyuka njiani. Siku ya kwanza fundi aliufungulia mpaka mwisho. Tukadhani bomba limepasuka. Mhudumu wa chai akaja mbio na ndoo.

Hapo Mama Upepo akaamuru ushushwe kabisa, kisha upandishwe kidogo kidogo, wiki hadi wiki, bila kututangazia. Makarani nao akawafunza kuongea kama watu waliokaa karibu, maana hakuna mvumo unaomfunika mpiga kelele.

Kipimo chake kilikuwa Redio, mtunza stoo wetu, mtu anayeweza kusikia mshahara wako ukifikiriwa. Alimkalisha kwenye benchi, yeye akazungumza mezani, na kila Redio aliponasa neno alitakiwa kunyoosha mkono. Mwanzoni alinyoosha kama mtoto wa shule aliyebanwa na haja. Mikono ikapungua. Siku aliyokaa muda wote mikono mapajani, uso umemwanguka kama aliyefiwa, tukajua kazi imekwisha, na jina la Mama Upepo likazaliwa.

Nikatumwa kumleta yule fundi cherehani. Alikataa kwenda mezani. Akakaa palepale kwenye benchi, akasema, "Dada, nisomee ugonjwa wangu kama mlivyonisomea siku ile." Mama Upepo akasoma akiwa mezani pake. Yule mama wa cherehani akatega sikio, akaomba arudie. Akarudia.

"Nasikia kama mvua ya mbali," akasema. Akainuka, akaenda kukaa kwenye kiti. Walichoongea hatukijui mpaka leo. Tuliona tu mabega yao yakitikisika kwa kicheko.

Tangu hapo anakuja mwenyewe kila mwezi, na gauni atakalovaa Mama Upepo siku ya Ijumaa limetoka kwenye cherehani yake.

Wiki hii msimamizi wetu anatuita mezani mmoja mmoja, kutuaga. Redio amehamisha kiti chake kila upande, eti anafuata hewa. Hajaambulia hata silabi. Mimi langu nimeambiwa, na siliandiki hapa.

Dada yetu, ahsante. Ahsante kwa kila mtu aliyeinuka kwenye kiti kile na siri yake ikiwa bado yake. Nenda kapumzike vizuri. Tunakuombea afya, wajukuu watundu, na nyumba yenye kuta.