Ndoo ya Mwalimu Amparo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa plaza hii ya maduka, Ivonne Cantú, pamoja na wenye maduka, walinzi na wateja wetu:

Bi Chelo anayeuza tamale, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya maganda, pale langoni anadai kwamba ubao wenu wa umeme wa kuonyesha nafasi za magari ulimfukuza mwalimu Amparo kwa sababu ya gari lake bovu. "Ubao ulimtazama juu mpaka chini," anawaambia watu, "ukasema: wewe bibi na mkweche wako, nenda kaegeshe mbinguni!" Watu wanacheka mpaka tamale zinapoa. Sisi hatucheki. Ukweli tunaujua, ndiyo maana leo tumeinamisha vichwa.

KARIBU
Karibu huku chini kwenye maegesho. Tungekupokea kwa uso mkunjufu, ila leo uso hatuna.

TULIKOTOKA
Sisi ndio wenye vitambaa vyekundu. Tunamwongoza dereva, "njoo, njoo, kata, hapo hapo!", tunabeba mifuko, tunapokea tunachopewa. Kila Jumamosi tulimshikia mwalimu Amparo nafasi karibu na mlango kwa kuweka ndoo, kwa kuwa magoti yake hayataki ngazi, na nusu yetu yeye ndiye aliyetufundisha kusoma.

MAFANIKIO
Tusiwe wachoyo wa sifa. Tangu mlete taa, kijani penye nafasi na nyekundu palipojaa, watu hawazunguki tena wakipigiana honi. Zamani mama alifika dukani ameshanuna, akanunua maziwa, akaondoka. Siku hizi anaingia anacheka, anakaa na watoto kula aiskrimu.

AIBU YETU
Jumamosi ile ya mishahara plaza ilifurika. Tukaweka ndoo kama kawaida. Jicho la mashine lililo juu ya nafasi halimjui mwalimu wala ndoo. Liliona kitu, likadhani ni gari, likawasha nyekundu. Mwenzetu Mzee Eleuterio akafurahi: "Tazameni, hata mashine inamheshimu mwalimu!" Tukapiga makofi.

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Ubao wa langoni ukaandika PAMEJAA. Mwalimu akausoma, akautii, akageuza gari, akaegesha ng'ambo ya barabara kuu. Akateleza kwenye ngazi za daraja la kuvukia, akavunjika mkono. Na sisi huku tunailinda ndoo, tunanung'unika: "Mwalimu naye leo kachelewa!"

Tulipokwenda kumwona alituuliza, "Mlikuwa wapi, wanangu?" Tukatazamana.

MAOMBI
Hatuombi mzime taa. Kosa ni letu, na adhabu utakayotupa tutaipokea. Tunaomba mtufundishe jinsi mashine inavyoona, tusije tukamfungia mtu mlango kwa mkono uleule wa kumfungulia. Pia tunaomba nafasi moja karibu na mlango, ambayo ubao utajua imewekwa kwa wazee na utawaambia waingie. Zile nafasi za bluu za wenye ulemavu zinadai kibali, na mwalimu anasema yeye si mgonjwa, ni mzee tu.

Anatolewa plasta ya mkono wiki hii. Amesema Jumamosi atakuja kununua mahitaji yake, na ndoo hatutaiweka tena. Akifika langoni, mgeni rasmi, ubao utamwambia nini? Tunaomba utujibu kabla hujapanda lifti.

Mungu ayape nguvu magoti yako, na ya mama yako.

Ni sisi, Wenye Vitambaa Vyekundu,
Maegesho ya Chini, Plaza Los Sabinos, Monterrey.
Msomaji: Yesenia Tovar.