Vidonge Nusu kwa Nusu

Foleni ya sukari Kariakoo ilikuwa haijasogea, na Severa, asiyepitwa na neno, alikuwa kawategea sikio wawili waliosimama mbele yake. Bi Fakhriya alikuwa akimweleza dresa mmoja mstaafu, mfunga vidonda wa hospitali enzi zake, kwamba vidonge vyake vya moyo vimeadimika, kwa hiyo kila kimoja anakigawa nusu kwa nusu na jirani yake.

“Bibi, hivyo vinayatuliza mapigo yasikimbie ovyo,” alisema dresa. “Nusu haimtulizi yeyote. Na huyo jirani nani kampima?”

“Moyo wake unaruka kama wangu, ndugu. Nimeze peke yangu, naye namsikia ukutani anatweta?”

“Basi mtazikwa pamoja.”

Dirisha la duka likafunguliwa, foleni ikasogea. Bi Fakhriya akasogea nayo, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika vikapu viwili, chake na cha jirani.