Jicho la Sebuleni

OLFA: Haloo? Nani mwenzangu?

MONJIA: Nani! Mama yako ana namba ngapi?

OLFA: Mama! Asalamu alaykum. Niko kazini, sikutazama namba. Kwema hapo nyumbani Sfax?

MONJIA: Waalaykumu salamu. Kwema, ila nina ugomvi na wewe. Asubuhi umenifuata na kamera yako mpaka mlango wa jikoni, halafu hata salamu hakuna.

OLFA: Nimekufuata?

MONJIA: Nikienda kushoto, inageuka kushoto. Nimekuinulia sufuria uone mchuzi wa mulukhia ulivyoiva, wewe kimya kama—

OLFA: Mama, kamera ipi?

MONJIA: Hiyo uliyonifungia sebuleni tulipomzika baba yako! Kila siku unanitazama nikinywa kahawa. Nakuwekea na kikombe chako mezani.

OLFA: [anatoka nje, mlango unafungwa]

MONJIA: Olfa? Mtandao huu nao—

OLFA: Nipo. Mama... sijaifungua hiyo kamera tangu Ramadhani.

MONJIA: Acha utani wako.

OLFA: Wallahi. Na haijigeuzi yenyewe. Kuna mtu anaigeuza.

MONJIA: Mtu gani?

OLFA: Sijui. Lile neno la siri la kamera lililotoka kiwandani, moja mpaka nane, ulilibadilisha?

MONJIA: Mimi? Si ulifunga wewe, mguu mmoja uko ndani ya teksi! Ulisema utamalizia ukifika Ujerumani.

OLFA: Nilisahau.

MONJIA: Ulisahau. [simu inakwaruza] Nimemwonyesha goti langu lilivyovimba, Olfa. Nimemwimbia. Arobaini ya baba yako nimelia mbele yake, nikajiambia, si haba, binti yangu ananiona.

OLFA: Mama, ichomoe! Sasa hivi—

MONJIA: Usinipigie kelele. Waya umebanwa na kabati... Haya. Imezimika.

OLFA: Sasa na kile kisanduku cha mtandao, nitakuelekeza. Tunataka neno jipya la siri, refu, asiloweza kulikisia mtu. Si jina langu, si tarehe niliyozaliwa—

MONJIA: Weka tarehe utakayokuja.

OLFA: Mama...

MONJIA: Hiyo mwizi haipati. Mimi niliyekuzaa imenishinda.

OLFA: Mama, huku kazini wame—

MONJIA: Unasikia mlio huo? Salio linakwisha. Kula vizuri, usile mikate mitupu. Kikombe chako nakirudisha kaba—