Upepo wa Mzee Maeng

Basi lilikuwa likipanda nyanda za juu za Daegwallyeong, nami, nakiri, sikuziba masikio. Mzee Maeng, mkausha samaki, alikuwa akimweleza mama mmoja mpanda milima kwa nini hatamwoza binti yake kwa fundi wa mitambo ya upepo.

"Mapangaboi yao yanamaliza upepo wote. Samaki wangu watakaukaje?"

"Lakini mzee wangu, hawa ulionionjesha wamekauka vizuri kuliko wa zamani. Au nimekosea?"

Mzee, ambaye hajapata kuwasema vibaya samaki wake, alielekeza kidole kwenye theluji nje ya dirisha. "Ni baridi hiyo."

"Basi mtoze mahari ya upepo, yaishe."

Basi likasimama. Fundi alikuwa kituoni, ameinama kwa heshima, theluji mabegani. Mzee hakuitikia salamu, ila alimkabidhi furushi la samaki alibebe.